Kisanduku Nisichokigeuza

Kwako Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kitandani, magoti ndiyo meza yangu. Ukiona mwandiko umelala upande usidhani nimekuwa mvivu huku ugenini. Tangu juzi Alhamisi sina hamu ya kukaa mezani. Nitakueleza kisa chake, ila niambie kwanza habari za huko. Mgongo unasemaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umepanda tena ngazi kupiga lipu nyumba ya watu, wakati daktari alikwambia kazi yako sasa ni kusimamia na kufoka. Mnyauko wa migomba umeingia kwenye kibanja chetu au umeishia kwa jirani? Kahawa mmeanika? Na senene je, mwaka huu wameanguka Mabira au wamewanyima tena? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Kichwa ndicho kimepigwa.

Najua unashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ningelia, na mtandao wa Mabira ungekata pale pale penye maana, nawe ungebaki kumwuliza Mama, "Kasema amefanya nini?" Ndiyo maana nimeandika, ili usome taratibu, na ukitaka kukasirika ukasirike bila salio kuisha. Barua hii analeta Dada Advera, yule muuguzi wa Muleba ninayesali naye huku. Anakuja likizo, mkaribisheni ndizi.

Baba, ukiulizwa kanisani mwanao anafanya nini Norway, unajibu "anatengeneza ndege," nami siku zote nimekuacha kwa sababu jibu lile linapendeza. Sitengenezi ndege. Nahakiki visanduku, kama wale watu wa vipimo wanavyohakiki mizani kabla ya msimu wa kahawa. Kisanduku chenyewe ni cha chuma, ukubwa wake kama kipande cha mche wa sabuni. Ndani yake mna vipimo vinavyohisi kusukumwa na vingine vinavyohisi kugeuka. Gari likiwa nacho, hata dereva asipoona mbele, kisanduku kinajua gari limekata kona kiasi gani na sasa linatazama wapi. Huku kuna siku theluji inaanguka na upepo unaivuruga mpaka juu na chini panakuwa peupe vile vile. Hujui barabara, hujui ziwa, hujui mkono wako. Siku hizo dereva anafuata kisanduku. Milima imeziba pande zote na satelaiti hazikamatiki vizuri, kwa hiyo hana kingine cha kufuata.

Sasa kila kisanduku huzaliwa na uongo wake kidogo. Kimetulia kabisa juu ya meza, chenyewe kinadai kinageuka. Kazi yangu ni kukiweka juu ya jiwe zito la kusawazisha, kukiacha kitulie, kusoma kinadanganya kiasi gani, na kuandika uongo huo ili mashine iutoe. Kuna meza kubwa yenye mota inayofanya kazi hiyo yenyewe, lakini mota iliungua wiki kadhaa zilizopita, tukawa tunafanya kwa mkono. Karatasi ya maelekezo inasema: soma, andika, kisha kigeuze juu chini, soma tena, andika.

Hapo pa kugeuza ndipo nilipoanguka.

Unakumbuka ofisi yetu ya Nkwenda, nilipokuwa na akina Kamugisha, tukirusha zile ndege ndogo zisizo na rubani za kupima mipaka ya mashamba? Nyuma ya ofisi kulikuwa na jiwe pana. Tulikuwa tunaweka kisanduku juu yake, tunasoma, tunakigeuza, tunasoma. Namba ilikuwa ile ile. Kesho yake ile ile. Tulipochoka kugeuza kitu kisichobadilika, Kamugisha akasema tusipoteze muda, tuweke tu vile vialama viwili vya "kama hapo juu." Basi tukaweka. Miaka miwili, Baba, kila karatasi ina vialama viwili, na hakuna ndege hata moja iliyopotea. Tulijiona wajanja.

Wewe ulitukuta tukifanya hivyo. Ulikuja Nkwenda kununua saruji, ukasimama kwenye kivuli cha ukuta ukitutazama, halafu ukaniuliza, "Mnakigeuza hicho?"

Nami nikakujibu, "Baba, hii si pima maji yako ya kujengea."

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa na fulana mpya ya kazini na wewe ulikuwa na simenti kwenye nyusi. Ulisema, "Sawa, mwana wange. Nimeuliza tu." Ukabeba mfuko wako ukaenda kutafuta bodaboda. Nimeikumbuka fulana ile siku hizi mbili mpaka nimeichukia.

Basi Alhamisi asubuhi Mama Solveig, msimamizi wetu, alikuja na karatasi yangu ya kisanduku kimoja. Ni mama wa makamo, mwembamba, maneno yake machache kuliko ya babu marehemu. Tunazungumza Kiingereza cha kuombea maji, yeye na mimi sawasawa, kwa hiyo hatugombani. Aliiweka karatasi hiyo mbele yangu, akaweka kidole juu ya vile vialama viwili.

"Hapa umeandika sawa na juu," alisema.

"Ndiyo."

"Hapa kwetu hiyo haiwezekani."

Damu ilinichemka. Nilidhani ananiambia Mwafrika hajui kusoma namba. Nikamwambia, kwa sauti ambayo Mama angenipigia kijiko cha mdomo, kwamba nimefanya kazi hii miaka miwili kabla ya kuja huku na namba huwa ni hiyo hiyo. Hakubishana. Alichukua kisanduku, akakilaza juu ya jiwe, tukasubiri. Akaniambia nisome. Nikasoma. Kisha akakigeuza, Baba, kwa vidole viwili vya kila mkono, pole pole, akakilaza bila mlio, akanyoosha mgongo na kusubiri kitulie. Ulikuwa ni mkono wako ule ule. Mwanamke mzungu ambaye hajawahi kuiona Kyerwa hata kwenye ramani alikigeuza kile kisanduku kama unavyogeuza pima maji yako juu ya tofali, na mimi nikasahau hasira.

"Soma."

Nikasoma. Namba ilikuwa imehamia upande wa pili. Kama ingelikuwa imesogea kidogo ningesema ni baridi. Ilikuwa imevuka sifuri na kukaa ng'ambo.

"Kimeharibika," nikasema.

Akatikisa kichwa. Alileta kingine, akageuza. Kikafanya vile vile. Alileta cha tatu. Nikamwuliza ni nini hicho, maana uongo wa kifaa hauna juu wala chini. Ukikigeuza, kinaendelea kudanganya vile vile. Kinachobadilika ukikigeuza ni kitu cha kweli.

"Ni cha kweli," alisema. "Hiyo ni dunia."

Najua dunia inazunguka, tulifundishwa shule ya msingi kwa chungwa na mshumaa, na nilipata alama zote. Lakini kumbe kuna kulijua jambo na kuna kulikuta limekaa juu ya meza likikutazama. Jumba zima lile, jiwe lile, mimi na viatu vyangu vya manyoya, tulikuwa tunageuka pale pale tulipo, digrii kumi na tatu kila saa, na kile kipande cha sabuni kilikuwa kinaona. Mimi ndiye niliyekuwa sioni. Nilishika ukingo wa meza kama mlevi wa rubisi.

Akanichorea. Kwetu tuko karibu na mstari wa katikati ya dunia; ardhi inatubeba kutupeleka mbele, haitugeuzi pale tuliposimama. Kisanduku kikilala chali au kifudifudi, hakioni kitu. Ndiyo maana Nkwenda namba ilikuwa moja. Hatukuwa tumesema uongo kule, ila ukweli wetu ulikuwa wa pale pale, na mimi nikaupakia kwenye begi nikaja nao kaskazini. Huku ninaposoma upande mmoja tu, nasoma uongo wa kifaa na mzunguko wa dunia vikiwa vimechanganyika, naandika vyote kwamba ni uongo, na mashine inavitoa. Halafu kifaa chenyewe kikiwa garini kinajua dunia inazunguka, nacho kinatoa mzunguko huo. Umetolewa mara mbili. Gari linakwenda mbele, kisanduku kinadhani linapinda, na dereva anasahihisha kosa ambalo halipo.

Mama Solveig alikuwa hajamaliza. Aliniuliza swali ambalo nitalisikia mpaka nizeeke. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama chai ina sukari.

"Hivi vingine tisa ulivyotia sahihi, uliviandikia nini upande wa pili?"

Alikuwa hajazifungua karatasi zile. Zilikuwa kabatini, na funguo za kabati zilikuwa mfukoni mwangu. Ningesema, "Vile niliviandika namba zake, hiki tu ndicho nilichochanganya," angeamini. Kisha jioni ningebaki nyuma, nikavigeuza kimoja kimoja, nikaandika upya, na dunia ingeendelea kuzunguka bila mtu kujua. Nakwambia ukweli, Baba, kwa sababu nimechoka kuwa mjanja: maneno hayo yalikuwa yamekwisha fika kwenye ulimi.

Nikaukumbuka ukuta wa Kihanga.

Ile nyumba ya mwalimu, nilikuwa na miaka kumi na mmoja nikikusogezea matofali. Ukuta ulikuwa umefika kwenye madirisha. Ukaigeuza pima maji, ukaitazama, ukaigeuza tena. Mtu alikuwa ameiangusha asubuhi na hakusema, nayo ikawa inadanganya. Mwalimu mwenyewe alikuja, akafumba jicho moja, akasema haionekani, fundi endelea. Ukamwambia, "Nimeupinda mimi," ukashika nyundo. Wenzangu wa shule walikuwa wanapita njiani wakitutazama tukibomoa kazi yetu wenyewe, na mimi nilikuwa nalia kwa aibu huku nikipanga tena matofali yale yale. Siku ile nilikuchukia. Nilisema moyoni, baba yangu ni mtu gani asiyeweza kunyamaza hata mwenye nyumba akimruhusu anyamaze?

Nikamwambia Mama Solveig, "Sikugeuza hata kimoja. Niliandika bila kupima."

Hakuniangalia mimi, aliangalia rafu. Kulikuwa na visanduku vinane. Akahesabu tena, akauliza cha tisa kiko wapi.

Cha tisa kilikuwa na Arne. Nimewahi kumtaja: yule mzee dereva wa gari la minyororo linalotembea juu ya theluji, anayewafuata wagonjwa milimani njia zikifungwa. Ndiye anayekunywa kahawa yetu uliyonitumia, anasema nyingine zote ni maji ya kuoshea vyombo. Alipita asubuhi ile mapema, nikamkabidhi kisanduku kwa mkono wangu, nikamfungia skrubu mwenyewe, akanipiga bega na kuniambia akirudi tutakunywa kikombe. Alikuwa amekwenda kumchukua bibi mmoja mgonjwa upande wa pili wa ziwa. Nikatazama dirishani. Kulikuwa kweupe, huoni hata uzio.

Mama Solveig alikimbilia redio ya mawasiliano. Sikuwahi kumwona akikimbia. Aliita mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisali kwa Kinyambo, kwa kuwa lugha nyingine zote zilikuwa zimenikimbia. Mara ya tano sauti ya Arne ikatoka, imekwaruza, ametulia tu kama mtu aliyeko shambani kwake.

Mama Solveig alimwambia, "Simama hapo ulipo. Usifuate kisanduku. Usisogee hata mita."

"Kwa nini? Kinanipeleka vizuri."

Akanipa mimi redio. Nikamwambia, "Arne, ni mimi. Nilikihakiki vibaya. Kinakupeleka kushoto kwa njia." Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu alipoondoka. Akasema, "Nimesimama," na mlio wa injini ukazimika nikiusikia.

Alikaa pale peke yake zaidi ya saa tatu. Mimi nilikaa sakafuni kando ya redio, na kila baada ya muda alikuwa ananiita kuniambia yuko salama, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. Gari jingine lilitumwa kwa njia ya juu kumfuata yule bibi, wakamfikisha hospitali. Mchana wingu likafunguka kwa dakika chache, Arne akapiga picha, akaituma. Alama za njia, zile nguzo nyekundu, zilikuwa mbali upande wa kulia. Yeye alikuwa juu ya barafu ya ziwa. Mbele ya gari, umbali kama wa kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye ile mibuni ya kwanza, maji yalikuwa wazi, meusi, pale mto unapoingilia.

Nilizihesabu kichwani hatua za kutoka mlangoni kwetu hadi mibuni ile.

Aliporudi kwa kufuata nguzo zile, alipita karakana. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Alitoa kisanduku, akakiweka mezani kwangu, akasema, "Kigeuze." Nikakigeuza mbele yake. Akasoma namba zote mbili mwenyewe, akatikisa kichwa, akaenda nyumbani. Kahawa hatukunywa. Jana na leo hajaja, na kikombe chake kipo pale pale kwenye sinki, sijathubutu hata kukiosha.

Jumatatu saa nne nitakaa mbele ya wakuu watatu wa kazini. Mama Solveig ameniambia atasema yote: kwamba niliandika nisichokipima, na kwamba nilipoulizwa sikuficha. Lipi litakuwa zito zaidi hajui, na mimi sijui. Kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwenye kazi hii. Wakiniondoa kazini, nimeondoka nchini. Usishangae ukiniona nashuka kwenye basi la Kayanga na begi langu kabla majibu ya barua hii hayajafika. Mama akiuliza, msomee mpaka hapa. Usimfiche, ila mwambie Arne yu hai kwanza, kabla ya mengine yote.

Visanduku vyote kumi nimevipima upya, Mama Solveig akiwa amesimama kando yangu. Sahihi ni yake, yangu imefutwa. Kila nilipogeuza kimoja nilishtuka upya, kana kwamba sijaona cha kabla yake. Sijui kama kushtuka huku kutaisha. Nikitembea njiani natazama miguu yangu.

Nisalimie Mama, mwambie blanketi lake ndilo linalonifunika sasa hivi ninapoandika. Kaka Projestus apunguze mwendo wa pikipiki kwenye ule mteremko, asiniongezee la kuwaza. Shangazi wa sokoni Nkwenda mwambie zile mbegu za maboga alizonifungia, watu wa forodha walizitazama kama dhahabu. Mwalimu wa kwaya mpe pole ya msiba.

Bado Kamugisha. Amenitumia ujumbe kwamba ofisi imepata wafanyakazi wapya, na wawili kati yao wanajiandaa kuja Ulaya kwa njia niliyopitia. Nimemwandikia mara mbili kuhusu kugeuza. Amejibu kwa kicheko, akasema kwamba kwao namba bado ni ile ile. Ni kweli, kwao ni ile ile, na ndiyo maana maneno yangu hayaingii. Kwa hiyo yeye usimpe salamu zangu. Mgongo ukikuruhusu, panda bodaboda uende Nkwenda na pima maji yako, ile ya mbao yenye ufa tangu Kihanga. Iweke juu ya lile jiwe lao mbele ya wote, isome, kisha igeuze, usome tena, waone kiputo kikihamia upande wa pili.

Wakicheka, waambie hata binti yako alicheka.

Mwanao,
Kokushubira